Jumba la Askari wa Chifu

Kosa langu la kwanza katika mchezo ule lilikuwa kuanza upya. Adui akiniona mara moja tu, hata kama sikuumia, nilibonyeza kitufe na kurudi chumba cha kwanza. Nilitaka kutoka katika jumba lile bila doa. Ndivyo nilivyokuwa hata na madaftari yangu ya darasa la sita: nikikosea neno moja, nilichana ukurasa mzima na kuandika tena.

Nikiikumbuka likizo ile ya Desemba, kinachonijia kwanza ni harufu ya asidi ya betri ya gari. Betri ilikaa juu ya gunia, sebuleni kwetu Rodi Kopany, nayo ndiyo iliyowasha televisheni ndogo isiyo na rangi pamoja na mashine ya michezo ambayo binamu yangu Ouma alikuja nayo kutoka Nairobi. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Umefungiwa katika jumba kuukuu. Hujioni, unaona mikono yako tu mbele yako, na huna silaha. Kuna mtu mrefu anayekutafuta chumba hadi chumba. Kazi yako ni kujificha kabatini au chini ya kitanda mpaka apite, kisha usogee kuelekea langoni. Sisi tulimwita Askari wa Chifu, kwa sababu aliingia bila kubisha hodi. Akikaribia, watoto wote wa jirani waliojazana sebuleni walifunga midomo, wakiamini kwamba anatusikia. Siku moja dada yangu Akinyi alimziba mdomo nyanya yetu, aliyekuwa akiimba huku akichambua maharagwe. "Dana, nyamaza, atatupata!" Nyanya akauondoa ule mkono na kuuliza, "Kwani huyo mtu hana kwao?" Tulicheka mpaka nikakamatwa.

Mashine haikuwa na namna ya kuhifadhi mahali ulipofika. Ukizima, umerudi mwanzo. Na Ouma angeondoka nayo Jumapili asubuhi. Sisi ni Waadventista, kwa hiyo Ijumaa jua likizama hakuna mchezo tena mpaka Jumamosi jioni. Na mwenye kinu cha kusaga unga, aliyetuchajia betri, alikuwa wa kanisa letu, hivyo Jumamosi injini yake haikunguruma. Betri ya Ijumaa ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Mtaani kwetu hakuna aliyewahi kulifikia lango, hata Ouma mwenyewe, lakini hilo halikumzuia kunitania. "Wewe utaoa ukiwa bado chumba cha kwanza," aliniambia mbele ya watu. Niliapa moyoni kwamba nitatoka.

Ijumaa hiyo alasiri, Mama alikuwa amekwisha piga pasi nguo za kanisani na alikuwa akimalizia kupika chakula cha kesho. "Jua likigusa kile kilima, hiyo kitu izimwe," alisema. "Sitasema mara ya pili." Tukamweka Akinyi mlangoni alichunge jua. Nilikwenda vizuri, chumba baada ya chumba, mpaka kwenye ngazi. Hapo Askari wa Chifu aligeuka ghafla, akaniona, akanidaka bega. Nilijinasua, lakini picha ikaanza kuyumba na mkono wangu mmoja ukaning'inia. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kitufe.

"Omera, ndugu yangu, si uanze tena?" Ouma alinicheka. "Sabato itakukuta huko huko mwanzo."

"Limebaki kidogo!" Akinyi alipiga kelele kutoka mlangoni.

Nilikiondoa kidole. Sikumbuki kama niliwahi kufanya jambo gumu zaidi ya hilo utotoni. Niliendelea nikichechemea, na mlango ulipofunguka nyuma yangu, nilijitupa mahali pabaya kabisa, chini ya meza isiyo na kitambaa. Viatu vyake vikasimama mbele ya uso wangu. Sebule nzima iliacha kupumua, Nyanya pamoja nasi, safari hii bila kuzibwa na mtu. Kisha viatu vikaenda zake. Nilitambaa hadi langoni, nikalisukuma kwa mkono uliobaki, na mwanga mweupe ukajaa kioo chote. Papo hapo Mama akachomoa waya wa betri.

"Sabato njema," alisema.

Hatukuona kulikuwa na nini nje. Watoto walilalamika, lakini Nyanya alikata shauri: "Ametoka. Nimeona kwa macho yangu." Ouma akanipa mkono, kwa uzito, kama wanavyosalimiana watu wazima.

Siku hizi sebule ile ina umeme, na mtoto wa Akinyi hucheza kwenye simu michezo inayojihifadhi yenyewe. Mimi nilijifundisha kutengeneza michezo ya kompyuta, kwa kubahatisha na kuharibu, katika chumba cha kupanga mjini Homa Bay. Wasiwasi haujaniacha; kabla ya kumwonyesha mtu kazi yangu, bado huikagua tena na tena. Lakini zamani kosa moja lilinifanya nifute kila kitu. Sasa naliacha hapo lilipo, namaliza kazi, kisha narudi kulirekebisha.