Kihenge Ndani ya Kompyuta

Shule nilisoma kidogo tu, darasa la pili, na sioni aibu kuliandika hilo. Matenki ya maji ya mawe nimejenga kuanzia Kiseke hadi Misungwi, na hakuna lililopasuka. Ila miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa mkandarasi, watu walianza kudai hesabu kabla ya ukuta. Kamati ya zahanati moja huko Misungwi ilitaka tenki kama nililojenga Buswelu. Wakasema nije niwaeleze mwenyewe linachukua lita ngapi, na nimejuaje. Nikishindwa, kazi anapewa mwingine.

Nikaenda ukumbi wa kanisa mtaani kwetu, ambako binti mmoja wa Kihaya alikuwa anafundisha kompyuta.

"Shikamoo mzee. Umemleta mjukuu?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Nataka hesabu ya tenki la duara."

"Hapa tunafundisha kuchapa."

"Basi nitaichapa hiyo hesabu. Au ninyi wa Bukoba mnachapa barua za kujisifu tu?"

Akacheka. "Wasukuma mmezidi. Haya, kaa hapo."

Mwandiko wangu hata mimi unanishinda kuusoma. Kwenye kompyuta herufi zilitoka zimenyooka. Mwalimu akanipa utaratibu wake: chini ya kila mstari wa hesabu niandike kwa maneno yangu nimefanya nini, na kwa nini. Nikisahau jambo, naliingiza pale pale katikati, mistari mingine inasogea kupisha. Nikirudi kesho yake naukuta ukurasa wangu ulivyokuwa. Nilichapa kwa kidole kimoja, na vijana waliosubiri zamu wakawa wanakohoa. Wakohoe.

Polepole ikaniingia: mzunguko unakupa upana, upana unaukata nusu, hiyo nusu unaizidisha kwa yenyewe, na kuendelea mpaka kimo. Nilipopata lita nikamwita mwalimu kwa kishindo.

"Nisomee sasa," akasema, "kama vile mimi ndiye kamati."

Nikasoma vizuri mpaka nilipofika kwenye maneno yangu mwenyewe: nimezungusha kamba kwa nje, kama tunavyopima kihenge. Nikaurudia mstari huo.

"Kihenge ndiyo nini, mzee?"

"Ghala letu la nafaka, la kusukwa kwa fito. Ukuta wake mwembamba. Ukipima nje umepima na ndani."

"Na tenki lako?"

"Mawe," nikasema, nikamwonyesha unene kwenye mkono wangu, kutoka vidole hadi kiwiko.

Maji hayakai ndani ya mawe. Nilikuwa nimewahesabia wagonjwa maji ambayo hayapo.

"Ni mstari mmoja tu huo," mwalimu akasema taratibu. "Njia yako ni nzuri, usiifute."

Nikaingia pale pale, nikatoa unene wa ukuta pande zote mbili. Lita zikashuka, zikawa pungufu ya zile ambazo kamati ilisema zahanati inahitaji.

Misungwi nikawaambia bila kuzunguka: tenki kama la Buswelu haliwatoshi, nawajengea pana zaidi, na sababu ni hii. Muuguzi wao, mama mtu mzima aliyezoea kuosha vyombo vya kuzalishia kwa maji ya bwawa, akasogeza kiti karibu yangu.

"Nani amekupigia hesabu hizi, baba?"

"Mimi."

"Hebu nirudishe pale kwenye kuta."

Mwenyekiti alikwisha kusema kazi ni yangu, akataka kufunga kikao. Yule mama akamwambia asubiri, bado anaelezwa.