Niliyabeba mawe ya msikiti wa kwanza wa bulla yetu bila kujua

Ijumaa iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeketi uani nikiangalia simu ya mama ikichaji.

Wakuu, asalaam aleykum. Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu, sijawahi kuandika. Niko form three hapa Garissa. Hata mwalimu akiniuliza swali darasani, najibu kwa kunong'ona. Lakini hili nitalisema lote, pamoja na sehemu inayoniaibisha.

Tunaishi bulla moja pembeni ya mji. Bulla ni mtaa, kwa wale wa mbali. Zamani yalikuwa malisho ya ngamia. Siku hizi ni nyumba za mawe, mageti ya rangi na matanki ya maji juu ya paa.

Basi abti, yaani mjomba wangu, akaingia. Yeye ni mwanakamati wa mtaa. Hakuketi hata kidogo. Akamwambia mama yake, ambaye ni ayeeyo wangu, yaani nyanya:

"Hooyo, kesho asubuhi wapima ardhi wanakuja kugawa uwanja wa nyuma. Watu wanataka maduka pale. Wamesema kama kuna kitu cha wazee, kionyeshwe kabla ya vigingi kupigwa."

Ayeeyo akashusha tasbihi. "Kuna msikiti wetu."

"Msikiti gani? Pale kuna mifuko ya nailoni na mbuzi wa jirani."

"Ni mawe tu. Baba yako aliyapanga kwa mkono wake."

Wakuu, hii sikuwa naijua. Ayeeyo akaeleza kwamba walipofika hapa, baada ya ukame kumaliza mifugo yao, hapakuwa na ukuta hata mmoja. Wanaume wakaokota mawe wakayapanga chini kwa mstari, na upande wa kibla wakaupinda kama upinde. Hakuna paa, hakuna mlango. Ukivua viatu ukaingia ndani ya mawe, uko msikitini. Awoowe, babu yangu, ndiye aliyekuwa akiswalisha.

Awoowe alikufa kabla sijazaliwa. Hakuna picha yake hata moja. Nimeshawahi kumuuliza mama alikuwa na sura gani, akafikiri sana, kisha akasema, "Alikuwa mrefu." Ndiyo hiyo tu niliyo nayo.

Nikageuza macho kwenye banda letu la mbuzi.

Juu ya banda kuna turubai. Wiki tatu nyuma upepo ulikuwa unaling'oa kila siku, nami nikatumwa nitafute vitu vizito. Nikaruka ua, nikakuta mawe mazuri sana uwanjani, yote saizi moja, nusu yamezama ardhini. Nilidhani kuna mtu alianza bustani ya maua akachoka. Maua, wakuu! Garissa!

Nikayang'oa yote kumi na moja kwa jembe. Nilifurahi hata.

Ayeeyo akachukua fimbo, tukamfuata uwanjani. Macho yake yana ukungu, kwa hivyo alivua ndara akawa anatafuta kwa nyayo. Aliburuta mguu huku, akaburuta kule.

"Yalikuwa hapa," akasema.

Abti akajaribu mzaha. "Hooyo, hata hawa mbuzi wanasema hapa ni kwao."

"Mbuzi hawana hati."

"Na sisi je, tunayo?"

Ayeeyo hakucheka. Alisimama akishika fimbo kwa mikono miwili, kisha akasema polepole, "Labda hayakuwa hapa. Labda nimezeeka."

Abti akamshika mkono kwa upole kama mtu anayemwongoza mgonjwa, wakarudi. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yao. Mdomo nilikuwa nao. Sikuufungua.

Mwanamke aliyenifundisha majina ya visima vyote kutoka hapa mpaka Habaswein alianza kutilia shaka kichwa chake mwenyewe, kwa sababu yangu. Kwenye diary niliandika mstari mmoja tu: mimi ndiye mwizi wa msikiti.

Funzo naliweka hapa katikati, kwa sababu nikifika mwisho sitaweza. Vitu vya zamani vya kwetu havina kibao. Hakuna aliyekuja kuviharibu kwa ubaya. Sisi watoto wa nyumbani ndio tunavibeba, maana hatukuuliza na hatukuambiwa. Kwenu kuna mahali kama hapo? Mlipaandikishaje? Nijibuni tafadhali, hata kama ni kunikemea.

Sasa asubuhi yake.

Baada ya swala ya alfajiri nilimwambia ayeeyo. Nililia kabla ya kumaliza sentensi ya kwanza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ni wewe! Alhamdulillah. Nami nililala nikifikiri kichwa kimeondoka. Yalete, ayeeyo."

Kwetu nyanya humwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye. Ayeeyo akisema ayeeyo, ananiita mimi.

Nikayabeba kwa wilbaro. Nikafagia uwanja, na vumbi laini lilipoondoka vikatokea vishimo vigumu, kimoja kimoja. Tukajaribisha kila jiwe mpaka likakaa, kama kumvalisha mtoto viatu.

Mpimaji alipofika na kamba zake, sikumficha kitu. Nilimweleza yote, hata turubai. Abti alifumba macho.

Mpimaji akasema, "Dada, sasa nitajuaje kwamba hamkuyapanga leo asubuhi?"

Watu walikuwa wengi. Nilipiga magoti, nikainua jiwe la mbele kabisa, lile la kwenye upinde. "Weka mkono," nikamwambia.

Akaweka. Shimo lilikuwa gumu na limesuguka kama ndani ya bakuli, na kila kibonyeo cha jiwe kilikuwa na pacha wake kwenye udongo. Akapapasa pande zote. Akasema uamuzi ni wa ofisi, si wake. Lakini kigingi alichokuwa ameshika alienda kukipiga upande mwingine, nje ya mawe, na akachora kitu kwenye daftari lake.

Walipoondoka nilibaki peke yangu. Nikavua ndara. Kutoka lile jiwe la mbele nilihesabu hatua kurudi nyuma mpaka safu ya wanawake, nikasimama nikitazama mahali ambapo mgongo wa mtu mrefu ungekuwa.