Milango ya Kuombea Ungo

Enzi zetu kule Nyaramba, nyumba nyingi zilikaa bila ungo na hakuna aliyejiona maskini. Ungo ulizunguka. Mama akitaka kupepeta wimbi alinitajia milango kwa mpangilio: "Anza kwa nyanya yako. Ukikosa, nenda kwa mama Moraa. Ukikosa, kwa mama Nyaboke. Ukipata, rudi, usisimame kula." Kusimama kula ndiko kulikokuwa kazi yangu hasa. Kwa nyanya kulikuwa na ndizi zilizovundikwa, kwa mama Moraa mboga za chinsaga zikichemka na maziwa, na ukirudi umechelewa, mdomo unang'aa, ulipokelewa kwa mwiko. Siku hizi mtoto ukimtuma chumvi ya jikoni kwake mwenyewe anauliza iko kabati gani.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya kompyuta, na mnivumilie, maana hata mimi sijaelewa vizuri. Nina kibanda cha kompyuta Nyamira mjini, watu huja kujaziwa fomu. Simu zimeniharibia kazi. Kila mtu anajijazia. Basi, na mvi zangu hizi, nikajiunga na mafunzo ya kuandika programu. Wiki iliyopita tulipewa zoezi: asiyelituma kabla ya saa sita mchana, nafasi yake anapewa mwingine. Nikapakua kifaa kilichohitajika, nikakiona kwa macho yangu ndani ya folda. Nikaandika jina lake kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Kompyuta ikajibu kwamba haikijui. Nikaandika tena kwa herufi kubwa, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Haikijui. Kitu kiko, na hakiko. Nikajiuliza kama nimelogwa.

Nikampigia binti yangu Kemunto, anayefanya kazi hizo Kisii.

"Mama, iko tu," akasema. "Ni vile kompyuta haijui mahali pa kuitafuta. Weka hiyo folda kwa PATH, ile orodha ya mahali inapitia ikitafuta kitu. Niko kwa mkutano, bai." Akakata. Watoto wa sasa wana mikutano kama sisi tulivyokuwa na chawa.

Nikaiweka ile folda. Kifaa kikaitika! Nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikaiambia kompyuta inionyeshe faili zangu, amri ya kwanza kabisa tuliyofundishwa. Haiijui. Nikajaribu nyingine. Haiijui pia. Kila nilichokuwa nacho asubuhi kilikuwa kimetoweka, na ilishafika saa tano na nusu. Niliiona nafasi yangu ikienda kwa kijana fulani anayejua mambo haya hata akisinzia, na machozi yakanilenga.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama Bosibori. Alikuwa jirani mgeni, amenunua ungo mpya sokoni Keroka, na mama akaniambia niwe napita kwake pia. Mimi nikashika kwamba nipite kwake tu. Wiki nzima nilitumwa jembe, nikatumwa moto, nikatumwa chumvi, nami naenda mlango ule mmoja na kurudi mikono mitupu, nikiapa kwamba kijiji kizima hakina jembe. Mama alipogundua alicheka mpaka akaketi chini. "Nilikuongezea mlango, wewe," akasema. "Nani alikwambia uzibe ile mingine?"

Nikatazama nilichoandika. Kwenye ile orodha nilikuwa nimeacha folda yangu peke yake, nimeziba milango mingine yote. Nikalifunga dirisha, nikafungua jingine, na ile orodha ya zamani ikarudi yenyewe. Safari hii nikaongeza folda yangu mwishoni bila kufuta kitu. Zoezi likaenda zikiwa zimebaki dakika sita. Kwa nini ilirudi yenyewe, sijui hadi leo, na sikuthubutu kuuliza.

Jioni nikamsimulia Kemunto, naye akacheka kicheko kile kile cha mama yangu, Mungu amlaze pema. Kisha akaniuliza, "Sasa nikikuja nyumbani Disemba nitake ungo, naanzia kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Kwa nyanya pameota nyasi. Kwa mama Moraa kuna geti na mbwa, na wenyewe wako ng'ambo. Kwa mama Nyaboke wanakula unga wa pakiti. Nilipita mlango mmoja mmoja kichwani, kwa mpangilio ule ule wa mama, mpaka orodha ikaisha.

"Nunua tu Keroka," nikamwambia.