Mota ya Aspirateri na Mtandio wa Mke Wangu

Shule niliiacha darasa la tatu. Ninayoyajua niliyatoa ndani ya vyuma, kwa mikono hii. Basi aspirateri mbovu, ile mashine ya kufyonza vumbi, ilipotupwa nje ya nyumba moja Kinanira, nyumba ya watu wa mazulia, wengine waliona takataka. Mimi niliona mota. Nikaitia kaboni mpya, ikaamka na kulia kama nyigu ndani ya kopo.

Mke wangu alitaka impulizie moto kaka yake, mfua vyuma wa Buyenzi. Mimi nilitaka cheche. Kwenye simu ya jirani nilikuwa nimeona mashine inayozungusha mkanda ndani ya bomba, na juu yake chuma cha mviringo kinatema umeme. Sikutulia tena. Umeme unatoka wapi, na mkanda haujafungwa waya wowote?

"Ijumaa kaka anapita," mke wangu akasema. "Kama haijatema kitu, anabeba mota yake."

"Yake tangu lini?"

"Tangu we utoboe masafuria yangu."

Kweli, mawili niliyafunikanisha juu ya bomba la plastiki. Mota nikaiweka chini, umeme wake ukipitia kwanza kwenye ampuli kubwa ya taa, maana mota ya namna hii ukiiachia umeme wote bila mzigo, inakimbia mpaka inajivunja. Mkanda nikakata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Mji huu, kitu gani hatukifungi kwa mpira huo? Ukazunguka vizuri. Cheche hakuna. Nikauanika juani unyevu utoke, nikaurudisha. Hakuna.

Ijumaa nimetoka msikitini, namkuta mke wangu anavua mtandio wake wa nailoni. Ilikuwa kiangazi, ukalia tatata kwenye nywele zake. Nikasimama palepale mlangoni, nikatazama vidole vyangu. Mpira ule ulikuwa umevipaka weusi, weusi uleule wa kaboni ya mota. Na kaboni kazi yake ni kupitisha umeme! Mkanda wangu ulikuwa unamwaga kila ulichookota.

"Nipe huo mtandio."

"Apana! Umemaliza masafuria, sasa unavua mutu nguo?"

"Kaka yako yuko njiani. Nipe."

Akanirushia. "Ukishindwa, unanunua miwili."

Nikakata, nikashona mkanda mpya. Shemeji aliingia na gunia lake wakati nawasha. Ampuli ikawa nyekundu, mkanda ukashika kasi.

"Ni hii?" akauliza, akanyoosha kidole kwenye sufuria.

Pa!

Gunia likaanguka. "Ee! Inauma kama siafu!"

"Beba basi mota yako."

"Apana, shemeji. Kitu kinapiga mutu bila kumugusa, mi sikipeleke kwangu." Kisha kidole kikarudi kwenye sufuria, polepole. "Washa tena."

Mke wangu naye akasogea, nywele zikimsimama. "Kumbe huo umeme," akasema, "nilikuwa natembea nao kichwani miaka yote?"

Nikawawashia tena. Mota ipo kwangu mpaka leo.