Mwachieni Baba Yenu Nafasi

Mpiga picha alinitumia ujumbe mapema: nije na koti la rangi iliyokolea, shati lisilo na maua, nywele zibanwe nyuma, na uso using'ae. Picha ingekuwa ya kichwa na mabega tu, nami niwe katikati. Nilikuwa nimeteuliwa kuwa mkuu wa idara, na ofisi ilitaka sura yangu kwenye tovuti na kwenye ukuta wa mapokezi, pale walipotundikwa wakubwa wenzangu, wote wakitabasamu kama watu walioambiwa watabasamu.

Usiku wa kuamkia siku ya picha nililala kwa mama, mtaani Pasiansi, ili asubuhi anisaidie nywele. Nikamsomea ule ujumbe. Alisikiliza hadi mwisho, kitana mkononi, kisha akauliza, "Kichwa na mabega. Na baba yako atakaa wapi?"

Mgeni angedhani mama amechanganyikiwa, maana baba tulikwisha kumzika. Mimi sikucheka. Nyumbani kwetu hakuna picha isiyo na nafasi ya baba, na hii ingekuwa ya kwanza. Nilijua mama angeiona kama mlango tuliomfungia mzee akiwa bado njiani.

Baba alikuwa bwana mifugo upande wa Sengerema. Wiki nzima aliwadunga sindano ng'ombe wa watu, na Jumamosi alivuka ziwa kutoka Busisi kuja Kigongo, kisha nyumbani. Kivuko kikiwa kizima, magugu maji yakiwa hayajaziba gati na foleni ya malori ikiwa na huruma, tulimwona mchana. Vinginevyo alifika tumeshalala, viatu vimejaa vumbi, mkononi ana mfuko wa michembe, vile viazi vikavu nilivyovipenda kuliko peremende, na mdomoni ana maelezo marefu. Mama aliyasikiliza maelezo hayo maisha yake yote ya ndoa. "Kivuko," alikuwa akisema, "ndicho mke mwenzangu."

Krismasi moja walikubaliana tukutane mjini kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye studio, tupigwe picha ya familia. Mama alituogesha kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha, akatupaka mafuta ya mgando, akatuonya kwamba atakayejichafua atamtambua yeye ni nani. Nje kulikuwa na ziwa zima na mawe yake yaliyobebana, lakini sisi tulipangwa mbele ya turubai lililochorwa maporomoko ya maji na twiga mmoja mwenye shingo fupi. Tukamsubiri baba. Mdogo wangu akasinzia, soksi zikamshuka. Mzee wa studio akaanza kutazama saa, alitaka kufunga akale.

"Piga," mama akasema mwishowe. "Lakini hapa kulia kwangu acha nafasi ya mtu mzima."

"Mama, picha itaharibika. Watu wote upande mmoja, huku patupu!" mzee wa studio akalalamika.

"Mwenye picha ni mimi. Piga."

Baba alifika usiku. Picha ilipotoka, aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya yale maporomoko, pale pembeni mwa mama, akasema, "Hapa ndipo nilipo."

"Ndipo ulipo," mama akajibu. Kisha akacheka, na kwa kuwa alikuwa amenuna tangu siku ya studio, sote tulicheka naye kwa shukrani.

Tangu hapo ikawa sheria. Mwenye kamera akiinua mkono tu, mama anatangaza, "Mwachieni baba yenu nafasi," nasi tunajisogeza kushoto. Kipaimara, mahafali, watoto wachanga wakiletwa kutoka hospitali, sote tuko upande mmoja. Siku ya mahafali yangu baba alifika nimesharudisha joho. Siku ya harusi yangu tu ndiyo aliwahi, kwa sababu alivuka mapema mno, akakaa hapo nyumbani akimsumbua kila mtu. Katika picha ile nafasi ina mwenyewe, kidevu juu, anajiona kweli.

Alipostaafu hakuwa tena na pa kuchelewea, akawa na kazi moja ya kutuomba tumpeleke Kigongo akatazame nguzo za daraja lililokuwa likijengwa. Alisimama pale ufukweni, mikono nyuma, akizikagua kama alivyokuwa akiwakagua ng'ombe wa watu. "Likiisha hili," aliniambia, "mama yako hatanisubiri tena." Hakuliona likiisha. Lilipofunguliwa, watu wa Pasiansi walikwenda kulitembelea kama sikukuu. Mama alikataa. "Mwenyewe hakulipita," alisema. "Mimi nikimbilie nini?" Hata ndugu wa ng'ambo ya ziwa walipofanya sherehe, alituma zawadi akabaki nyumbani.

Basi asubuhi ya picha alinibana nywele kwa nguvu zake zilezile za zamani, hadi nyusi zikapanda. Nilipogeuka akawa ameshachovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando.

"Mama, wamesema uso using'ae."

"Using'ae? Ili waseme huna kwenu?"

Nikapakwa. Nina watoto wawili na watu wazima ninaowaongoza ofisini, nikapakwa mafuta hadi masikioni. Nilitamani kukasirika, nikashindwa, kwa sababu viganja vile vilikuwa na harufu ileile ya Krismasi ile. Kisha akajifunga kitenge kizuri, akasema anakwenda nami.

Mpiga picha alikuwa kijana mtaratibu, studio yake ina taa kubwa na ukuta wa kijivu mtupu. "Shikamoo mama," alimwamkia. "Marahaba baba," mama akajibu, akaketi, akautazama ule ukuta bila kuridhika. Kijana alinifuta mng'ao usoni kwa karatasi laini na poda, kwa adabu, mama akakohoa. Kisha akaanza kupiga. Akapiga, akatazama, akapiga tena, akashusha kamera.

"Dada, mbona unanikimbia? Nikikuweka katikati, nikiinua kamera unasogea kushoto."

Sikujua kama nasogea. Nilitazama miguu yangu, na kweli ilikuwa imetoka kwenye alama aliyoniwekea sakafuni. Mama akaanza kucheka, na akiwa anacheka akamsimulia kijana yote, kivuko, twiga wa shingo fupi, joho. Kijana akasikiliza vizuri, halafu akasema kwa moyo mwema, "Mama, niletee picha ya mzee. Nitamweka hapo kwa kompyuta, hutajua kama hakuwepo."

Mama aliacha kucheka. "Alikuwa anachelewa, baba. Hakuwa mtu wa kubandikwa."

Kijana akaomba radhi. Mama akaitikia kwa kichwa, akautazama upande wangu wa kulia, pale patupu. Nilitaka kumwambia basi, tuache, nitawaambia ofisini watumie picha ya kitambulisho. Lakini alikwisha kusimama. Alikuja, akanishika mabega, akanisogeza yeye mwenyewe hadi kwenye alama.

"Simama katikati, mwanangu. Siku hizi kuna daraja."

Akarudi kwenye kiti. "Piga," akamwambia kijana.

Upande wangu wa kulia nilihisi baridi. Tabasamu nililokuwa nimelifanyia mazoezi kwenye kioo lilinitoroka lote, na uso uliobaki, macho yakimetameta, ndio uliopo ukutani sasa. Wageni wa mapokezi huniuliza siku ile nilikuwa na furaha gani. Hawajui kwamba nilikuwa nikimlilia baba.

Tulipotoka tuliingia garini, nikageuza kuelekea Pasiansi. Mama akaniwekea mkono begani. "Nipitishe kule," akasema, bila kunitazama.

Tulipofika Kigongo alishika mkanda wa gari kwa mikono miwili, tukapanda darajani. Maji yalikuwa chini yetu pande zote, yametulia. Kabla hajamaliza kurekebisha kitenge chake tulikuwa tumeshashuka Busisi, upande ule aliokuwa akisimama baba na mfuko wake wa michembe akisubiri, Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka yote ile. Nikasimamisha gari. Mama aligeuka, akatazama tulikotoka.

"Kumbe ni hapa tu," akasema, na ndipo akalia.