Indiketa ya Marehemu Njiku

Msinitazame hivyo. Sinywi pombe, na siku ile nilikuwa nimelala vizuri na kunywa uji wangu asubuhi. Ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwa utosini, pale pale kwenye gereji yangu Mandewa. Asiyetaka kuamini anyamaze tu. Waliobishana nami juu ya jambo hili ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo.

Mimi ni fundi pikipiki. Nilianza kazi enzi zile ukiagiza spea unasubiri mpaka unasahau ulichoagiza. Kisha likaja soko huria, maduka ya mjini yakajaa vitu vya kila namna, vingi vinang'aa na vichache vinadumu. Balbu za indiketa ndizo zilizonitesa. Unafunga leo, makorongo ya barabara ya vumbi yanaitikisa, keshokutwa imekufa.

Njiku alikuwa mnunuzi wa asali kutoka Itigi. Alikuwa na pikipiki nzuri ya mtumba, madumu mawili ya asali yamening'inia huku na huku, na mdomo mchafu kuliko wateja wangu wote. Mara tatu alinijia na tatizo lile lile: akiwasha indiketa ya kulia, inaruka mbiombio, tik-tik-tik-tik, kama inafukuzwa. Sasa nikueleze, maana hapa ndipo penye kisa. Indiketa ikienda mbio, mara nyingi ni kwamba balbu moja ya upande huo imekufa. Mbele inawaka, nyuma giza, na ile mbio ndiyo inayomwonya mwenye pikipiki. Dawa yake ni kubadilisha balbu. Nilibadilisha mara mbili, ikafa mara mbili.

Mara ya tatu alinikuta na wateja wamejaa. "Fundi gani wewe?" akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kabalbu kadogo tu kanakushinda. Ungebaki kuchunga mbuzi wa baba yako." Watu wakacheka. Mimi sina moyo wa kuchekwa, sikuwahi kuwa nao.

"Unataka nini hasa?" nikamuuliza.

"Nataka isiruke. Iende taratibu kama za wenzangu."

Basi nikampa alichotaka. Taa zile huwashwa na kuzimwa na kidude tunachokiita flasha. Nilikuwa nayo moja mpya, ya elektroniki, ambayo mwendo wake ni ule ule, balbu ziwe hai au zimekufa. Wakati wa kuifunga bisibisi iliniteleza ikaichora alama ubavuni. Balbu ya nyuma sikuigusa. Njiku akawasha akiwa amekaa kwenye siti, akaona taa ya mbele inakonyeza polepole, akaridhika. Hakuzunguka nyuma. Nilimwangalia akiondoka, nyuma kulia giza tupu, nikanyamaza. Sikusahau, jamani. Nilinyamaza kwa hasira. Niliwaza, acha askari wa barabarani wamkamate, apate adabu.

Askari hawakumkamata. Siku mbili baadaye alitoka mjini, akafika njia panda ya Mkiwa, akawasha indiketa, akakata kulia kuelekea kwao Itigi. Nyuma yake lilikuja lori la alizeti likitaka kumpita, likamgonga. Njiku alifia pale pale, na asali yake ikamwagika barabarani.

Dereva wa lori alikuwa Hamisi, kijana wa hapa hapa Mandewa. Alilia akiapa kwamba hakuona taa yoyote. Nani amsikilize? Swichi ya pikipiki ilikutwa imewekwa kulia, na taa ya mbele bado inakonyeza taratibu kabisa. Ya nyuma ilikuwa imesagika. Watu walitaka kumpiga mawe, polisi wakawahi, wakamtia mahabusu.

Nilikwenda kuzika Itigi. Nilishika jembe, nikafukia, nikala chakula cha msiba. Sikusema neno.

Mama yake Hamisi akanifuata gereji. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nasikia pikipiki ya marehemu ulitengeneza wewe. Mwanangu anasema taa ya nyuma haikuwaka. Niambie tu, ilikuwa inawaka?"

"Niliitengeneza kwa mikono yangu, mama. Ilikuwa nzima."

Akakaza kanga yake kiunoni, akaenda zake. Polisi nao niliwaambia hayo hayo, wakaniandika shahidi. Kwa neno langu Hamisi angefungwa, na nilikuwa tayari kulisema. Unanichukia? Ngoja nimalize.

Siku moja kabla ya kesi, mchana, majirani wote walikuwa wamekwenda kula. Upepo wetu wa Singida unaujua. Turubai la gereji lilikuwa linapigapiga, vumbi linaingia mpaka masikioni. Nimeinamia injini, nikasikia harufu ya asali.

"Fundi, inaruka haraka."

Nikainua kichwa. Alikuwa Njiku. Yule niliyemfukia. Ameshika pikipiki yake, haina hata mkwaruzo. Na upepo ule uliokuwa unataka kuning'olea turubai haukutikisa hata ukosi wa shati lake.

Ungekimbia? Mimi pia ningekimbia. Miguu ilikataa.

"Angalia," akasema.

Nikawasha. Kulia, tik-tik-tik-tik. Nikazunguka nyuma: balbu inawaka. Nikaja mbele: inawaka. Kote kunawaka, na bado inakwenda mbio. Nikabadilisha balbu zote mbili. Mbio ile ile. Nikasugua waya wa ethi, ule unaoshika kwenye chuma cha pikipiki, mpaka ukang'aa. Mbio ile ile. Nikaichomoa flasha yenyewe, nikaishika kiganjani, na taa zikaendelea kukonyeza bila flasha. Nikang'oa waya wa betri. Zikaendelea.

"Ikienda mbio, siku zote unaanzia wapi?" akauliza.

"Kwenye balbu."

"Na kwangu ulianzia wapi?"

Akasogea. Sijawahi kuchukiwa na mtu kwa kiasi kile, na nimechukiwa na wengi.

"Ulijua ya nyuma imekufa?"

"Nilijua."

"Aliyekuwa nyuma yangu hakujua. Sasa yuko mahabusu, na wewe unakula." Akaweka kidole gumba chini ya jicho langu la kulia, akakandamiza. Kidole kilikuwa baridi na kinanata. "Indiketa hii huinyamazishi."

Nilipofumbua macho hakukuwa na mtu wala pikipiki, na kwenye vumbi zilikuwepo nyayo zangu tu. Lakini flasha ilikuwa kiganjani mwangu. Niliigeuza. Ilikuwa na ile alama ya bisibisi ubavuni. Pikipiki ya Njiku wakati huo ilikuwa imefungiwa kituo cha polisi, na walipoifungua baadaye, mahali pa flasha palikuwa patupu.

Kesho yake nilisimama mahakamani kusema uongo niliouandaa. Naapa, nilikuwa bado nataka kuusema. Nilipofungua mdomo, kope ya jicho la kulia ikaanza kucheza, mbiombio, kwa mwendo ule ule. Nikaifunika kwa kiganja, ikacheza chini ya kiganja. Hamisi alikuwa ananitazama. Nikaitoa flasha mfukoni, nikaeleza yote.

Hamisi aliachiwa. Mimi nilikaa ndani kwa muda, kisha nikarudi kwenye gereji isiyo na wateja. Mama yake Hamisi tunapishana kisimani. Namwamkia, haitikii, na sina cha kumdai. Mke wa Njiku alikuja mara moja tu kutoka Itigi. Aliniuliza kama matusi tu ndiyo yaliyomuua mumewe. Nikamwambia ndiyo, ni matusi na ukimya wangu. Akapanda gari akarudi.

Jicho halijapona. Hospitali wanasema halina ugonjwa, wazee wakaniambia jicho likicheza kuna habari inakuja. Hakuna habari inayokuja. Linacheza kila ninapojua jambo na kulinyamazia. Tazama, sasa limetulia, kwa sababu nasema.

Kwa hiyo wewe mwenye pikipiki, indiketa ikianza kukimbia usimwombe fundi aipunguze mwendo. Shuka, zunguka nyuma, angalia kwa macho yako. Na fundi akikuambia tayari, usimwamini mpaka umeona. Hata nikikuambia mimi, hasa siku ambayo umenitukana.