Mpishi wa Bakteria

Pale maabara kila mtu alimwita Mpishi, na jina lenyewe hakulikataa. Kazi yake ilikuwa kuwapikia bakteria: kuchemsha mchuzi wao, kuutia unga wa mwani ugande, kisha kuumimina kwenye visahani, ili vijidudu vilivyotolewa kwa wagonjwa viote na daktari ajue atibu nini. Kabla ya kumimina aligusisha chupa ya mchuzi shavuni. Joto likivumilika, anamimina. Mama yake, aliyeishi naye, alimuuliza kila jioni, "Wageni wako wamekula?"

Miaka yote wageni walilishwa unga wa nyama. Ulipoadimika, Mpishi akaleta wa soya, protini ya mmea iliyokwisha kuvunjwavunjwa ili bakteria wasipate taabu. Akaupika vile vile alivyozoea kupika wa nyama, na hapo ndipo alipoharibu. Soya ina sukari yake, na moto mkali huiunguza sukari. Mchuzi uliungua ukawa mweusi tii, na visahani havikuota kitu.

"Leo wamesusa," alimwambia mama yake.

"Basi ubaya ni wa mpishi, mwanangu."

Maneno hayo yalimkera usiku kucha, kwa sababu yalikuwa kweli.

Asubuhi Mkuu wa maabara alimfuata jikoni. "Tutaagiza visahani vilivyo tayari, dada. Hapa patakuwa stoo. Wiki ijayo watu wanakuja kutoa vyombo."

"Nimeunguza mimi, Mkuu. Soya haina kosa."

"Ndiyo basi tena."

"Basi kwako. Hao watu wako watanikuta nimesimama mlangoni!"

Mkuu alipotoka, Mpishi akaubamiza mlango makusudi. Alikuwa na hasira naye, na zaidi na nafsi yake. Akapika soya tena; safari hii alipunguza moto, akaitoa chupa mapema, na mchuzi ukabaki na rangi ya chai nyepesi. Unga wa nyama uliosalia chini ndani ya kopo akaupika kando, asije akaambiwa amejipendelea. Akapaka bakteria wale wale kwenye visahani vyote.

Kesho yake akamwita Mkuu. Madoa ya bakteria kwenye soya yalikuwa manene kushinda ya kwenye nyama. Mkuu akavipeleka visahani dirishani, akavigeuzageuza.

"Mara moja haitoshi," alisema. "Lakini wa vyombo nitawazuia. Tungoje tuone."

"Ngoja wewe," alijibu Mpishi, mkono ukiwa tayari ndani ya kopo la soya. "Mimi napika."